Chumvi mbichi, chumvi ya kupikwa na presha ya mama

Swali: Shikamoo daktari. Niko Muheza, naishi na mama yangu mwenye miaka 72. Ana presha ya kupanda kwa muda mrefu, anatumia amlodipini na losartani. Kipimo cha mwisho kilikuwa 164/82. Kliniki wamemwambia aache chumvi, na tangu hapo nyumbani hakuna amani. Nikimpikia chungu chake hali, anasema nampa chakula cha mfungwa. Jirani anasema mbaya ni chumvi mbichi tu, ile ya kunyunyizia, ya kupikwa haina neno. Mwingine kaniambia ninunue chumvi ya mawe au ile ya rangi ya waridi. Ni kweli? Na kama presha ya chini iko sawa, hiyo ya juu peke yake ina shida gani? Akipunguza chumvi anaweza kuacha dawa? Mbali na presha hana tatizo, ila magoti tu, ambayo huyatuliza kwa diklofenaki za duka la dawa.

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na jirani yako, kwa sababu kauli hiyo naisikia karibu kila siku ya kliniki na imewapotosha wengi. Chumvi haiwi chumvi nyingine kwa kupikwa. Moto wa jikoni hauiunguzi wala hauipunguzi. Inayeyuka ndani ya mchuzi basi, na ikifika tumboni mwili hauna namna ya kujua kama iliingia chunguni saa tano au ilinyunyizwa sahanini saa saba. Nadhani imani hii ilitokana na ushauri mzuri uliosikiwa nusu. Wahudumu wa afya husema, "usiongeze chumvi mezani," na ni sawa, maana ya mezani inakuwa nyongeza juu ya iliyokwisha kutiwa. Watu wakashika neno "mezani," wakaliacha "usiongeze." Matokeo yake unaikuta nyumba ambayo kichupa cha chumvi kimefichwa kabatini, lakini mpishi anatia konzi kubwa zaidi chunguni ili mzee asije akakiulizia.

Chumvi ya mawe na ya rangi ya waridi nazo ni ileile. Rangi hutokana na chembe za chuma na madini mengine, kidogo mno hata hayamfai mlaji kitu. Karibu yote iliyobaki ni sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayogusa presha, na kloridi, kama iliyoko kwenye pakiti ya bei rahisi. Punje kubwa huacha nafasi katikati, kwa hiyo kijiko cha chumvi ya mawe kina uzito mdogo kuliko cha chumvi laini, lakini mpishi hapimi kwa mizani. Anaonja, na ataongeza mpaka ikolee. Tena kuna hasara juu yake: Tanzania ililazimisha chumvi itiwe madini joto miaka ya 1990 kwa sababu ya rovu lililokuwa limeenea hasa nyanda za juu, na chumvi isiyopita kiwandani mara nyingi haina madini hayo. Baki na pakiti yenye madini joto, pesa yako inunue ndimu.

Sasa hiyo 164/82. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga, ya chini ni ile inayobaki moyo unapotulia. Mishipa ya kijana hutanuka kila pigo linapopita na kupunguza makali yake. Ya mzee imekakamaa, kama mpira wa kumwagilia maji uliokaa juani miaka mingi, haubonyei tena. Ndiyo maana baada ya miaka 60 namba ya juu huendelea kupanda huku ya chini ikibaki palepale au hata kushuka. Hii ndiyo aina ya presha inayoonekana zaidi uzeeni, na inaleta kiharusi, moyo kushindwa kazi na figo kuchoka, bila kujali kwamba ya chini inapendeza. Kwa hiyo 164 ni presha kamili. Usimpe mama matumaini ya hiyo 82.

Na hapo ndipo chumvi inapoingia. Figo zikizeeka hutoa chumvi polepole. Inayobaki mwilini hushika maji, damu inaongezeka ujazo, na mishipa iliyokakamaa haina pa kuuweka ujazo huo isipokuwa kwenye namba ya juu. Kwa bahati nzuri kinyume chake ni kweli pia: mtu mzima akipunguza chumvi, presha yake huitikia zaidi kuliko ya kijana. Majaribio mengi yalipokusanywa na kuhesabiwa pamoja, watu wenye presha waliopunguza takriban gramu 4.4 za chumvi kwa siku, kwa wiki nne au zaidi, walishuka kwa zaidi kidogo ya 5 kwenye namba ya juu. Tano unaweza kuidharau. Lakini ni kama nusu ya kazi tunayoitegemea kwa dawa moja ya presha, na haina gharama ya duka la dawa.

Afrika Mashariki yenyewe ina ushahidi wake. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Ndani ya miezi michache ya kufika mjini, presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki kijijini, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu, madini yaliyomo kwenye matunda na mboga. Uzito uliongezeka pia na mapigo ya moyo yalikwenda kasi zaidi, kwa hiyo sitasema chumvi ilifanya yote peke yake. Ila walikuwa watu wale wale, wa koo zile zile. Walichoacha nyuma ni chakula cha nyumbani na maisha yake.

Kliniki walipomwambia mama "aache" chumvi, nadhani walitaka kufupisha maneno kwa sababu foleni ni ndefu. Hakuna anayetakiwa kufika sifuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, na hicho ni jumla ya kila kitu: ya chunguni, ya mkate, ya samaki mkavu, ya bagia za jioni. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Utajuaje mko wapi? Hospitali kubwa hupima mkojo wa saa 24, kazi ambayo mzee wa miaka 72 haipendi na wewe hutaipenda. Kuna njia ya jikoni ambayo naiamini zaidi kuliko mtu kunitajia vijiko. Chukua pakiti mpya ya nusu kilo, andika juu yake kwa kalamu tarehe uliyoifungua, kisha subiri iishe. Hukuniambia mko wangapi, tuchukulie watano. Ikiisha kwa siku 14, kila mmoja amekula kama gramu 7 kwa siku kutoka chunguni peke yake, kabla hamjagusa cha dukani. Ikiisha kwa siku 20, ni gramu 5, na bado ni nyingi kwa sababu hakuna nafasi iliyobaki kwa mkate na samaki. Ikivuka mwezi na siku mbili tatu, mmefika kwenye gramu 3, na hapo ndipo ningependa kuwaona. Hesabu hii haikubali kama mnaitumia pakiti hiyo hiyo kuoshea samaki au kutengeneza achari, hivyo kwa kazi hizo tenga nyingine. Wanaodai "sisi hatutumii chumvi nyingi" hunyamaza pakiti inapoisha siku ya kumi.

Pwani tuna mambo yetu ambayo kijikaratasi cha ushauri kutoka Ulaya hakiyataji. La kwanza ni ng'onda na papa mkavu. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi nyingi anaweza kuwa na zaidi ya gramu 10 za chumvi kwenye kila gramu 100 za nyama, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto kinamaliza haki ya mama ya siku nzima. Simwambii mtu wa Tanga asile ng'onda, sitasikilizwa. Nasema mloweke usiku kucha kwenye maji mengi, umwage, uloweke tena asubuhi, umchemshe na maji hayo pia uyamwage, halafu mchuzi wake wa nazi usiutie hata punje. Chumvi iliyobaki ndani ya samaki inatosha chungu kizima. Na asiwe wa kila siku.

Dagaa watazame kwa asili yao. Wale wa Ziwa Victoria kwa kawaida huanikwa juani tu, bila kutiwa chumvi. Wa baharini, hasa wanaotoka Zanzibar, huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kwa macho wanafanana, kwa presha hawafanani. Onja mmoja mkavu kabla hujanunua, ulimi utakuambia. Wakiwa wa chumvi, waoshe kwa maji ya moto mara mbili.

La pili ni magadi. Watu wanayatia kwenye maharage, kisamvu na mlenda ili viive haraka na kulainika, na kwa kuwa hayana ladha ya chumvi hakuna anayeyahesabu. Magadi ya ziwani, kama yatokayo Natron upande wetu au Magadi upande wa Kenya, karibu theluthi moja ya uzito wake ni sodiamu, sawa kwa kiasi na ile soda ya kuumulia maandazi. Hayapandishi presha kwa nguvu ile ile ya chumvi, lakini kwa mtu wa umri wa mama, mwenye presha isiyotulia, siwezi kuyaacha nje ya hesabu. Maharage ukiyaloweka tangu jioni na kuyapikia maji mapya yanaiva vizuri bila hayo. Kisamvu ukitwange zaidi. Dawa za unga za kiungulia zinazochemka kwenye bilauri, na vidonge vya maumivu vinavyoyeyuka kwa povu, vina sodiamu nyingi vilevile. Akitumia kila siku ni kama analamba chumvi.

La tatu ni vibonge vya supu na pakiti za mchuzi mix. Soma nyuma ya pakiti: mara nyingi chumvi ndiyo inatajwa ya kwanza, na kwenye vibonge vingi ni karibu nusu ya uzito. Mpishi anatia chumvi yake ya kawaida, kisha kibonge "kwa ajili ya ladha," basi ametia chumvi mara mbili. Mkate wa dukani pia una chumvi, takriban gramu moja kwenye kila gramu 100. Haisikiki mdomoni kwa sababu ya sukari na siagi. Soseji, chips za njiani zinazopepetwa na chumvi, embe mbichi la chumvi na pilipili, achari, haya unayajua mwenyewe. Upande wa pili wa sahani yenu ni mzuri kuliko mnavyodhani: ugali wa bada hauna chumvi, mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha vinaliwa bila chumvi, matunda hayana. Chai na muhogo asubuhi badala ya chai na mkate imeshapunguza bila mtu kuona.

Turudi kwenye ugomvi wenu, ambao kwangu ndio kiini cha barua yako. Kumpikia mama chungu chake ni kosa la upendo, lakini ni kosa. Mtu aliyelisha ukoo mzima kwa miaka hamsini unamtenga na chungu cha familia, unamwekea kitu chapwa, wengine wanakula kilichokolea mbele yake. Asipokuita mlinzi wa gereza atakuitaje? Halafu wenye umri wa kati humo ndani, wewe ukiwemo, ndio wenye presha ya kesho. Chungu kiwe kimoja, chumvi ipungue kwa wote.

Punguza hatua kwa hatua. Wiki mbili za kwanza toa robo ya kiasi unachotia, kwa kijiko na si kwa mkono. Wiki mbili zinazofuata toa robo nyingine. Ulimi huzoea, lakini unahitaji wiki kadhaa, na wa mzee huchukua muda zaidi kwa sababu ladha na harufu hupungua na umri, bila kutaja meno ya bandia na dawa zinazokausha mdomo. Mama anapodai chakula hakikolei, hakusingizii, kweli hasikii. Mpe kitu kingine cha kusikia. Uchachu ndio mbadala wa karibu kabisa wa chumvi: kamua ndimu mwishoni, baada ya kuepua, au tia ukwaju kwenye mchuzi wa samaki. Thomu, tangawizi, bizari, pilipili manga, kotmiri iliyokatwa papo hapo. Tui zito nalo linaficha upungufu wa chumvi kuliko maji, ila usilifanye la kila mlo kwa sababu ya mafuta yake. Kitunguu kikaangwe hadi kiwe cha kahawia, si kile cha kugeuzwa mara mbili na kutiwa maji.

Na sasa jambo litakalomshangaza jirani. Ukinibana nichague, ningemwachia mama hiyo chumvi mbichi anayoiogopa, niibane ya chunguni. Kuna utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 1987: watu walipewa chakula cha chumvi pungufu, lakini wakaachiwa vichupa vya chumvi mezani wajinyunyizie wapendavyo. Walirudisha kama moja ya tano tu ya kile kilichoondolewa. Sababu ni rahisi. Punje iliyo juu ya chakula inagusa ulimi moja kwa moja na kusikika, iliyozama ndani ya wali nyingi inapita bila kuonjwa. Kwa hiyo chungu kikishapunguzwa, chukua kikopo kidogo, mtilie mama theluthi moja ya kijiko cha chai kila asubuhi, kiwe chake, anyunyize atakapo mpaka jioni. Ni kama gramu mbili. Kikiisha kimeisha. Siku nyingi kitabaki. Na yeye atakuwa anajipimia, hapimiwi, jambo ambalo kwa mtu mzima lina uzito kuliko maelezo yangu yote ya sodiamu.

Sharti ni kwamba ya chunguni iwe imepungua kweli. Kikopo juu ya chungu cha zamani ni kuongeza tatizo.

Hili la kumshirikisha silisemi kwa hisia tu. China walijaribu kwenye vituo 48 vya kulelea wazee, wakapunguza kwa hatua chumvi inayopelekwa jikoni katika baadhi yake. Haikufua dafu: chumvi waliyokula wazee haikupungua ipasavyo, wala presha. Mimi nauona kama onyo kwa wote wanaotaka kupunguza kimyakimya wakidhani mzee hataona. Huko huko China, katika mji wa Changzhi, walifundisha watoto wa shule kuhusu chumvi na kuwapa kazi ya kwenda kuisimamia nyumbani. Watu wazima wa nyumba hizo walipunguza karibu gramu 3 kwa siku, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015. Bibi anaweza kumkatalia binti yake na daktari wake, mjukuu wa darasa la tano aliyeshika kijiko cha kupimia hamkatalii. Kama mnaye, mkabidhi pakiti na kalamu ya tarehe.

Utaulizwa dukani kuhusu chumvi maalumu "ya presha." Hiyo ni tofauti na ya waridi, na ina msingi: sehemu ya sodiamu imetolewa na kuwekwa potasiamu. Kwenye vijiji 600 vya China, kwa watu karibu 21,000 ambao wengi walikwisha kupata kiharusi na wengine walikuwa wazee wenye presha, chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu ilipunguza viharusi kwa asilimia 14 katika muda wa karibu miaka mitano. Kwenye vile vituo vya wazee nilivyovitaja, jiko lililotumia chumvi ya aina hii lilishusha namba ya juu kwa takriban 7. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuipendekeza nyumbani kwa watu wazima, likiwatoa wenye figo dhaifu na wengine ambao miili yao haitoi potasiamu vizuri.

Mama kwa sasa nampa nafasi katika hao waliotolewa, mpaka vipimo viseme vingine. Losartani huzuia potasiamu kutoka, na figo zake hujanieleza kama zimewahi kupimwa. Potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo bila dalili ya kutosha kumwonya mtu. Kliniki ijayo omba kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na cha potasiamu. Majibu yakiwa mazuri na daktari wake akakubali, inunueni kwa moyo mweupe. Mchicha, ndizi, maharage na viazi vitamu, ambavyo vina potasiamu ya chakula, aendelee navyo kama kawaida. Kama figo zitaonekana na kasoro, hapo ataelekezwa upya.

Sasa lile ulilolitaja mwishoni kama dogo. Diklofenaki. Dada, nikiambiwa nifanye badiliko moja tu nyumbani kwenu wiki hii, ningeanza na hilo, kabla hata ya chumvi. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huzifanya figo zishike chumvi na maji, hupandisha presha, hupunguza nguvu ya losartani, na zikikutana na losartani katika mwili wa mzee huweza kuziumiza figo zenyewe. Akiwa pia amepewa kidonge cha kukojoa, hatari inazidi. Inawezekana kabisa sehemu ya hiyo 164 inatoka kwenye magoti. Aiache, atumie parasetamoli ya kawaida ya kumeza, isiyo ya povu, kwa kipimo alichoandikiwa. Dawa ya kupaka ya maumivu ni salama zaidi kuliko kidonge. Magoti yaangaliwe na mtu wa mazoezi ya viungo kama yupo hospitali ya wilaya. Mwambie pia daktari wa presha kwamba alikuwa akiitumia na kwa muda gani, kwani wagonjwa wengi hawataji dawa walizojinunulia wakidhani hazihusiani.

Kupunguza chumvi uzeeni kuna mipaka yake. Mzee anayeacha kula kwa sababu chakula hakimpandi anapoteza nyama ya mwili, anadhoofika, anaanguka. Nguo zikianza kumpwaya, rudisha ladha kwanza, chumvi tutaizungumza baadaye. Akiharisha au kutapika, au joto la Februari likimtoa jasho siku nzima, usishikilie hesabu ya gramu, mpe maji ya chumvichumvi ya hospitali na umpeleke. Wanaotumia vidonge vya kukojoa hushuka sodiamu kirahisi, na dalili yake kwa mzee ni kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, miguu kukosa nguvu. Kizunguzungu anaposimama akitoka kitandani kipimwe, akae kwanza ukingoni kabla ya kuinuka. Lakini kuna ile desturi ya majirani kumpa maji ya chumvi kila mtu anayelalamika kizunguzungu, eti presha imeshuka. Pima kwanza. Nimewaona walionyweshwa wakiwa na 200.

Miguu ikivimba usikimbilie kulaumu chumvi peke yake. Amlodipini hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, na daktari anaweza kubadilisha dozi.

Kuhusu kuacha dawa: hapana, si kwa uamuzi wa nyumbani. Swali lako lina heshima yake, maana Marekani walilifanyia utafiti kwa wazee wa miaka 60 hadi 80 waliokuwa wametulia kwenye dawa. Matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha kuwa waliopunguza chumvi walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kubaki bila dawa kuliko wasiopunguza, na waliopunguza uzito nao hivyohivyo. Lakini hao presha zao zilikuwa zimekwisha kushuka, na waliondolewa dawa huku wakipimwa mara kwa mara. Mama yuko 164 akiwa na dawa mbili. Kwanza tuhakikishe anazimeza kila siku, hata siku anazojisikia vizuri, hata mwezi wa mfungo, ambapo saa za kumeza hupangwa upya na daktari.

Nunueni au azimeni mashine ya kupimia mkono wa juu, ile ya kifundo cha mkono huwa inadanganya wazee. Apime asubuhi kabla ya dawa na jioni, akiwa amekojoa, amekaa dakika tano bila mazungumzo, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kahawa wala tumbaku nusu saa kabla. Mara mbili kila kipindi, uandike zote kwenye daftari, hata zinazokutisha. Nyumbani tunatafuta wastani ulio chini ya 135/85. Chumvi ikipungua kweli na diklofenaki ikiachwa, namba zitaanza kusogea ndani ya wiki nne hivi. Mwezi ukipita na wastani bado uko juu ya 150, msisubiri tarehe ya miezi mitatu, pelekeni daftari mapema ili dawa ziangaliwe upya. Ikifika 180 na zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kuhema, kuona ukungu au kichwa kuuma vibaya, au namba yoyote ile pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kutotoka, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.